Kiziwi wa Kitulo

Mgeni alipiga hodi akiwa bado ndani ya ukungu, kwa hiyo sauti ilifika kabla ya mtu.

"Hodi hapo! Ndipo kwa mwenye mlingoti?"

Atuganile Sanga alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza maua ya pareto kwenye kichanja na kulibembeleza jua litoke. Aliposikia neno mlingoti, aliacha kugeuza. Hakuna mtu aliyewahi kupanda mpaka ukingo wa Kitulo kuulizia mlingoti kwa heri. Mawakala wa vipanga vya mizigo walikuja. Maofisa wa ramani ya anga walikuja. Baba Ezekia, jirani yake, alikuja kila mwezi kulalamika kwamba kivuli cha mlingoti kinadumaza viazi vyake. Kwa wote hao Atuganile alikuwa na hotuba moja, na sasa aliianza hata kabla hajafuta mikono.

"Mlingoti aliuweka marehemu baba kabla ya sheria ya anga. Una mita ishirini, lakiri yake ni hai, haki yake haijafutwa. Kama mmekuja kuununua, hauuzwi. Kama ni kivuli, hamishieni viazi upande wa pili."

"Maskini, mwanangu," ilisema ile sauti. "Mimi hata viazi sina. Nalima ndizi."

Akatokea mama wa makamo, buti za mpira zimejaa tope mpaka magotini, kitenge kimefungwa juu ya sweta, chupa ya chai inaning'inia mgongoni kama bunduki. Alikuwa anahema. Atuganile aliona aibu.

"Kamwene, mama. Karibu. Nisamehe, nilidhani ni wale wengine."

"Ndaga, mwanangu." Mama yule alimsogelea, akamtazama upande huu wa kichwa, akazunguka akamtazama upande wa pili, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Sasa mbona unayo yote mawili?"

"Yote mawili nini?"

"Masikio. Nimetembea siku mbili kuja kuyaona. Kwetu Isyeto, huko bondeni, unaitwa Kiziwi wa Kitulo."

Kabla Atuganile hajajibu, kitu kilivuma juu yao, na mgeni akachutama huku ameshika kichwa. Ndani ya ukungu kilipita kipanga cha mizigo, ndege ya bati isiyo na rubani, tumbo limejaa vifurushi. Kilikuja moja kwa moja kuelekea mlingoti, halafu, kana kwamba kimenong'onezwa jambo, kikajipinda kando na kupotea.

"Usiogope, mama. Lakiri imekiambia kipite pembeni."

Lakiri ilikuwa kijidubwana cha ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kileleni pale waya wa redio ulipoanzia kabla ya kushuka pande mbili kama paa la nyumba. Kila dakika iliviambia vipanga: nipo hapa, nina urefu huu. Bila lakiri redio haikusema wala kusikia. Watunga sheria walitaka hivyo ili mtu asifiche waya mwingine mahali. Kila kituo kilikuwa na lakiri moja, na siku hizi hazikutolewa tena, zilirithiwa tu. Anga lote lililokuwa juu ya mita kumi na mbili lilikuwa mali ya vipanga. Milingoti mirefu ya zamani iliachwa kwa sharti moja, kwamba isishuke. Siku lakiri ikisoma chini ya mita kumi na mbili, hata kwa dakika moja, anga la juu yake linachukuliwa, na halirudi.

"Ingia ndani, mama. Unywe kitu cha moto."

*

Jina lake lilikuwa Subilaga. Alimenya viazi vya kuchemsha kwa vidole vilivyokufa ganzi, na alieleza safari yake bila kujihurumia. Mumewe, Gwakisa, naye, kama Atuganile, alikuwa mwendesha redio wa ridhaa. Lakiri aliirithi kwa mjomba wake, na redio aliiunga mwenyewe kwa vifaa vya kuokoteza.

"Tunakuita kila asubuhi," alisema Subilaga. "Siku ya jua mlingoti wako tunauona kabisa kutoka bondeni, unang'aa kama sindano. Sasa mtu unamwona, unamwita, haitiki. Utasemaje? Wengine wakasema anaringa, anaongea na wazungu tu. Mume wangu akasema hapana, labda waya wetu uko chini, haufiki. Akaunga mianzi, akaupandisha. Kimya. Akaunga mingine. Kimya. Mara ya tatu mwanzi ukakatika naye yuko juu yake."

"Mungu wangu!"

"Mguu. Sasa anaanza kukanyaga, na maneno yake yamekuwa mengi kuliko zamani, basi tumejua atapona." Akacheka kidogo. "Vijana wakamalizia kazi. Mita kumi na moja na ushee! Bonde zima linajivunia waya ule. Tukakuita tena. Kimya."

Atuganile alikiweka kikombe chini taratibu. Alikuwa ameshajua. Tangu iliposemwa mianzi alijua kosa liko wapi.

"Mnaniitia nini, mama?"

"Kuna ufa mlimani, juu ya nyumba zetu. Mwaka juzi ulikuwa wa kupitisha mkono. Sasa ndama anatumbukia. Tumeomba kuhamishwa, tumeambiwa tungoje. Simu hazishiki, mtandao wa vipanga unapita juu yetu lakini hausemi nasi. Eti wateja hatutoshi. Mvua kubwa ikinyesha, sisi tutauona ufa ukifunguka, lakini tutamwambia nani? Wewe una simu. Ukitusikia, unawapigia watu wa uokoaji, wanakuja kabla mlima haujatufunika. Ni hilo tu, mwanangu. Sikuja kuomba kingine."

Nje kipanga kingine kilivuma na kujipinda.

"Redio yenu," alisema Atuganile akitazama chini, "ina nguvu ndogo."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuisema.

Subilaga alitafuna kiazi chake pole pole. "Basi nitamwambia hivyo," alisema. Hakulia wala hakubisha. Alionekana tu kama mtu aliyeambiwa kwamba duka alilolifuata limehama.

*

Jioni, jua lilipokuwa linagusa majani ya uwanda, Atuganile alifunua ubao wa bao juu ya meza, kando ya redio. Alijaribu kujizuia asifanye hivyo mbele ya mgeni, lakini saa ilikuwa imefika, na kuna mtu aliyekuwa anangoja.

"Kitulo, Kitulo," redio ilisema, safi kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. "Binti Sanga, umeshakubali kushindwa au nikuongezee siku ya kulia?"

"Shikamoo, Mzee Byabato. Nalia kwa kukuhurumia wewe. Nyumba yako ina kete ngapi?"

"Marahaba. Hiyo ni siri ya serikali."

"Siri gani wakati ubao wako ninao hapa?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mlinzi wa kisiwa cha chuma kilichoelea kusini kabisa mwa bahari, kikirusha maji ya chumvi mawinguni ili mawingu yawe meupe na kulirudisha jua lilikotoka. Vilikuwapo visiwa vingi vya namna hiyo tangu dunia izidiwe na joto, na kila kimoja kilikuwa na mtu mmoja. Kampuni ilimletea chakula kwa meli na amri kwa maandishi. Sauti haikumletea. Mlinzi aliyemtangulia aliacha kuongea, kidogo kidogo, hadi siku moja mabaharia wa meli ya chakula walimkuta amegeuza kiti kuelekea ukutani. Byabato alilisimulia jambo hilo mara moja tu, na hakulirudia.

Bao hilo lilianza kati yake na marehemu Mzee Sanga. Hawakuwahi kuonana. Mzee Sanga alipofariki, Atuganile aliwasha redio ili amweleze, akashindwa, akabaki kimya hewani, na yule mzee akasema, "Nimeelewa, binti yangu. Zamu ni ya nani?" Kwa hiyo lakiri na bao vilirithiwa pamoja.

"Shimo la tatu kushoto," alisema Byabato. "Nakula. Nakula tena. Nalala la saba. Haya, jifute machozi."

Walicheza mpaka mwanga ukafifia. Subilaga alikuwa jikoni, uso kwenye moto. Atuganile alipozima redio, mgeni aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:

"Huyo bwana yuko mbali kuliko Isyeto?"

"Mbali sana, mama. Ni siku nyingi kwa meli."

"Na redio yake ina nguvu kuliko yetu?"

Hapo ilikuwapo nafasi ya uongo, pana kabisa, na hakuna ambaye angejua. Atuganile aliiona.

"Hapana," alisema. "Ni ndogo kama yenu."

"Haya, mwanangu," alisema Subilaga, na akavuta kuni nje ya moto ili zisiungue bure.

*

Asubuhi Atuganile alimkuta mgeni ameshafunga buti. Akamshika mkono, akamtoa nje hadi kwenye vitalu vya mboga, akafungua bomba la maji na kuubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba.

"Tazama, mama."

Aliushika mpira karibu ulale. Maji yaliruka mbali, yakapita juu ya vitalu vya karibu na kuangukia kabichi za mwisho, kule uani.

"Hivi ndivyo waya mrefu unavyorusha sauti. Unaitupa pembeni, inakwenda kugonga dari ya anga mbali na kushuka mbali. Kwa mzee wa bahari inafika. Sasa tazama vitalu hivi vya hapa chini ya miguu yetu."

"Vikavu," alisema Subilaga.

"Vikavu. Na masikio ya waya ni kama mdomo wake. Kule usikotupa sauti, huko pia husikii." Akauelekeza mpira juu. Maji yalipanda, yakakatika, yakawanyeshea wote wawili na vitalu vyote vya karibu. "Na huu ni waya uliolala chini, mita tano au sita. Ardhi inaisukuma sauti juu, inagonga dari na kurudi hapa hapa kama mvua, milima na mabonde yote ya karibu. Mbali haifiki, au inafika mnong'ono tu."

Subilaga alijifuta uso.

"Kwa hiyo sisi ndio vitalu vya karibu."

"Ndiyo, mama. Na nyinyi kila mlipopandisha mianzi, ndivyo mlivyozidi kunirushia sauti pasipo na mimi. Hiyo nguvu yenu inatosha kabisa. Shida ni urefu. Wenu kidogo, wangu zaidi. Jana nilijua. Nikanyamaza."

Alingoja karipio. Mama yule, badala yake, alianza kutikisika mabega, na Atuganile akadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Gwakisa amevunjika mguu kupandisha waya! Vijana wameuimbia nyimbo! Halafu mimi nirudi niwaambie, jamani, uteremsheni uwe kamba ya nguo?"

"Kamba ya nguo hasa. Mtu akinyoosha mkono asiufikie, inatosha."

"Watanifukuza bondeni." Kisha kicheko kikamwisha, akautazama mlingoti, mabomba yake matano yaliyoingiana, ukungu ukizunguka kilele. "Na wako? Ukiushusha, si tunasikia anga halirudi?"

"Halirudi."

"Na yule bwana wa bahari?"

Maji yalikuwa bado yanatiririka miguuni pao, na hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

"Mimi siwezi kukuomba hivyo," alisema Subilaga mwishowe. "Nilikuja kuomba usikie. Sikujua kusikia kwenyewe kuna bei ya mtu."

Pengine angelazimishwa, Atuganile angepata pa kushikia hasira, na hasira ingemsaidia kukataa. Aliwaza ndama anayetumbukia kwenye ufa. Aliwaza kiti kilichogeuzwa ukutani. Alitamani mtu yeyote amwambie lipi zito zaidi, ila katika nyumba ile mwenye kujua mambo ya waya alikuwa yeye peke yake.

"Jumamosi," alisema. "Ukungu ukiondoka asubuhi, iteni. Nitakuwa nasikiliza."

*

Alimwambia Byabato jioni hiyo hiyo, kabla hajafunua ubao, ili asipate visingizio. Alieleza yote: ufa, mianzi, mguu, mpira wa maji. Alipomaliza, redio ilichemka kwa sauti ya hewa tupu muda mrefu.

"Kwa hiyo na wewe unaniacha," alisema mzee.

"Mzee..."

"Hapana, ngoja. Nimefanya kosa gani? Baba yako alisema mlingoti ule hautashuka. Alisema mbele ya masikio yangu. Watu wa bondeni si wahame? Wana miguu! Mimi nikitoka hapa naingia baharini."

"Wameomba kuhama. Wameambiwa wangoje."

"Na mimi nimeambiwa ningoje nini?"

Atuganile aliachia kitufe ili kilio chake kisirushwe hewani. Alikuwa amejiandalia maneno mengi kuhusu watu wengi na mtu mmoja, na yote yalinyauka mbele ya sauti ile. Byabato alikuwa mtu mmoja, lakini alikuwa ndiye huyu, ambaye Atuganile alikijua hata kikohozi chake.

Redio ikachemka tena. Safari hii mzee aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mvua zenyewe zinatoka upande gani huko kwenu?"

"Kusini mashariki."

"Kusini mashariki," alirudia. "Mimi napaka mawingu rangi, binti yangu. Kila siku. Nikishayapaka yanaondoka, na sijawahi kuambiwa yanakwenda kunyesha wapi. Huenda ni kwingine. Huenda ni juu ya ufa huo. Hakuna anayenijibu nikiuliza."

"Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa. Nasema sijui." Alikohoa. "Zamu ni ya nani?"

"Yangu."

"Cheza."

Atuganile aliutazama ubao bila kuuona, kisha akauona. "La tano kulia. Nakula. Nalala la pili."

"Mtaji mbaya sana huo."

"Najua."

"Mimi sitaujibu leo. Nikiujibu mchezo utaisha, maana umejiuza kama debe la nyanya. Nisikilize. Ulisema waya wa chini hupeleka mnong'ono mbali."

"Hupenyeza kidogo. Siku anga likiwa jema sana. Siku nyingine zote hutanisikia."

"Basi nong'ona. Kila jioni, saa yetu hii, nitajie huo mtaji wako. Huo huo, usiubadilishe. Siku nikikusikia nitakujibu, na utashindwa rasmi. Niahidi."

"Mzee, inaweza kupita miaka."

"Niahidi, Atuganile." Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo.

"Nakuahidi."

*

Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Baba Ezekia alimkuta Atuganile ameshika mpini wa winchi ya kushushia mlingoti, hajauzungusha.

"Nimesikia unaushusha," alisema, mikono nyuma. "Kweli?"

"Kweli. Furahi. Viazi vyako vitaona jua."

Baba Ezekia aliutazama mlingoti juu mpaka chini, uso umemshuka kama aliyefiwa. "Sasa na mimi nitalalamikia nini? Nimezoea." Kisha akavua koti, akaliweka juu ya ua, akaushika mpini upande wa pili. "Zungusha. Peke yako utaumia bega."

Bomba la kwanza liliingia ndani ya la pili, la pili ndani ya la tatu. Waya ulilegea na kukaza upya kadiri walivyosogeza vigingi vyake. Mlingoti ulipofika mita kumi na tatu taa ndogo ya lakiri ilianza kumeta nyekundu, na sauti ya kike, ya adabu, ilisema kutoka juu: "Onyo. Ukiendelea kushuka, haki ya anga ya kituo hiki itafutwa na haitarejeshwa. Je, ungependa kusitisha?"

"Inauliza," alisema Baba Ezekia.

"Nimeisikia."

Atuganile aliukumbuka mkono wa baba yake juu ya mpini ule ule, na jinsi alivyopenda kusema kwamba mtu aliye juu ndiye anayesikia. Baba alikuwa mwerevu, na alimfundisha nusu ya jambo. Nusu nyingine hakuwahi kuihitaji, maana alikuwa akitafuta watu wa mbali. Akauzungusha mpini.

Lakiri haikuuliza mara ya pili. Ilipopita mita kumi na mbili taa ilizima, ikawaka kijani. Waya ulipotua kwenye mita sita na winchi ikafungwa, kipanga cha kwanza kilikuwa kimeshafika. Hakikujipinda. Kilipita sawasawa juu ya paa, cha pili kikakifuata, cha tatu, kama maji yaliyopata mfereji mpya.

"Hawana hata haya," alisema Baba Ezekia.

Ndani, Atuganile aliwasha redio na kuvaa vipokea sauti. Hewa ilikuwa nyingine. Zile sauti za mbali alizozizoea, miluzi na lugha za ng'ambo, zilikuwa zimezama, na mahali pake palikuwa na mvumo wa karibu, mzito, wa radi ndogo za milima ya jirani. Alingoja. Aliwaza kwamba labda Subilaga hakufika. Labda alifika na vijana wakakataa kuteremsha fahari yao. Labda anga lilikuwa limetolewa bure.

"...tulo. Kitulo. Kiziwi wa Kitulo, ni Isyeto hapa. Mwanangu, unanisikia? Nimewaambia ni kamba ya nguo na mtu ametundika shuka kweli, sijui kama inaharibu..."

Atuganile alibonyeza kitufe.

"Iondoeni shuka, mama. Nawasikia. Nawasikia kama mko jikoni."

Kisha bonde lote, ilivyoonekana, likamjibu kwa pamoja: vigelegele, mbwa, mtu akigonga sufuria, na nyuma yao wote mzee mmoja akifoka, "Mita sita! Mimi nimevunjikia nini basi?"

*

Wiki ile ukungu ulirudi na haukuondoka. Paneli ya jua ilinyonya mwanga kidogo tu, na betri haikujaa. Atuganile alikaa akapima. Zamu ya asubuhi na ya mchana ya kuwasikiliza Isyeto haikuwa ya kuguswa, mvua zilikuwa mlangoni na ufa ulikuwa pale pale. Chaji iliyobaki ilitosha ama hita ya chumbani, ama redio ya jioni.

Kitulo hugandisha maji ndoo ikiwa nje. Aliitoa hita kwenye umeme na kuisogeza ukutani, akajifunga blanketi mbili, akavaa kofia ya sufu ya baba yake na kufunua ubao. Kete zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Saa yao ilipofika, alibonyeza kitufe.

"Byabato, Byabato, ni Kitulo. Shikamoo, mzee. La tano kulia. Nakula. Nalala la pili."

Alijua sauti inakokwenda. Ilikuwa inapanda juu ya paa, ikivipita vipanga, ikigonga dari ya anga na kushuka kama mvua juu ya viazi, juu ya mianzi, juu ya bonde. Na kidogo yake, uzi mwembamba tu, ulikuwa ukipenya pembeni kuelekea baharini.

Redio ilikwaruza.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Subilaga, chini chini, kama mtu aliyeingia mahali watu wanaposali. "Tumesikia sisi. Yeye je?"

"Bado, mama."

"Haya. Hatutaingilia."

Na Isyeto wakanyamaza, wote. Atuganile alivuta blanketi mpaka kidevuni. Aliutazama upande wa mzee wa ubao, ile nyumba yenye kete ambazo idadi yake ilikuwa siri ya serikali, na hakugusa hata moja. Kisha akangoja, kama inavyompasa mtu ambaye zamu si yake.